Lugha ya Wote Isiyo Rasmi: Ardhi, Watu na Ndimi za Suriname kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili



Awali ya yote sina budi kuwashukuru walionipa heshima ya kutoa mhadhara huu. Najua kwamba baadhi yenu mlipoliona tangazo lake mlijiuliza mhadhara wa taaluma za Kiswahili unatafuta nini Amerika ya Kusini, tena katika nchi ambayo Kiswahili hakijapata kuwa na jamii ya wazungumzaji. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kueleza jinsi nilivyofika huko kimasomo.

Katika darasa langu la isimujamii mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, Kiswahili si ni krioli?" Nilimjibu kwa haraka, kama walimu tunavyofanya kengele inapokaribia kulia, kwamba sivyo, Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Hapo mwenzake akadakia: "Sasa hiyo krioli yenyewe ikoje?" Nikaanza kutaja fasili za vitabuni, na nilipokuwa nikizitaja niliona nyuso za vijana zikizidi kufumba. Niliyapata maelezo kamili ya nadharia, lakini sikuwa na mfano hai wa kuwapa. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za Suriname.

Hoja ninayotaka kuitetea jioni hii ni kwamba lugha inaweza kueleweka na karibu kila mtu nchini, ikaimbwa katika wimbo wa taifa, ikasikika sokoni, bandarini na katika kampeni za uchaguzi, na bado ikabaki nje ya mlango wa darasa. Kuenea kwa lugha hakuipatii hadhi. Hadhi hutolewa au hunyimwa na watu wenye uwezo wa kufanya hivyo, na watu hao huwa na sababu zao, ambazo si zote mbaya.

Nchi ya mito

Suriname iko kaskazini-mashariki mwa Amerika ya Kusini, ikitazama Bahari ya Atlantiki. Upande wa magharibi imepakana na Guyana, mashariki na Guyana ya Wafaransa, na kusini na Brazili. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 163,800, yaani karibu moja ya sita ya Tanzania, nayo ndiyo nchi huru iliyo ndogo kuliko zote katika bara lile. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 541,638 tu. Kati yao karibu 241,000 waliishi katika wilaya ya Paramaribo, mji mkuu, na wengi wa waliosalia katika ukanda mwembamba wa pwani wenye udongo wa matope, mabwawa na mifereji. Nyuma ya ukanda huo ni msitu. Zaidi ya asilimia 90 ya nchi ni msitu wa mvua, unaopanda polepole kuelekea vilima vya kusini hadi mlima Julianatop, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,200, uliopewa jina la malkia wa Uholanzi.

Barabara za kuingia ndani ni chache. Njia za kweli ni mito: Corantijn mpakani magharibi, Marowijne mpakani mashariki, na katikati Nickerie, Coppename, Saramacca, Suriname na Commewijne. Karibu mito yote hiyo hutoka kusini kwenda kaskazini, na kila mmoja una maporomoko yanayomlazimu mwenye mtumbwi kuujua mto kama anavyoijua nyumba yake. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ramani ya lugha za Suriname ni ramani ya mito. Sisi tumezoea lugha inayotambaa kando ya bahari, kutoka Barawa hadi Sofala na visiwa vyake, ikisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Kule lugha zimepanda mito, zikakaa juu ya maporomoko, na maporomoko hayo yakazilinda.

Waliokuwapo na waliofikishwa

Waliokuwapo kwanza ni wenyeji wa asili: Walokono na Wakali'na karibu na pwani, Watrio, Wawayana na wengine wachache kusini kabisa. Leo hawafiki asilimia 4 ya wakazi wote, na lugha zao ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi, hasa Kilokono, ambacho wanaokijua vizuri ni wazee.

Mwaka 1651 Waingereza kutoka kisiwa cha Barbados, chini ya Lord Willoughby, walianzisha koloni la mashamba ya miwa. Mwaka 1667 Abraham Crijnssen wa Zeeland aliliteka, na kwa Mkataba wa Breda wa mwaka huo huo Waholanzi wakabaki na Suriname huku Waingereza wakibaki na koloni walilokuwa wamewanyang'anya Waholanzi kaskazini, ambako mji wake mkuu ndio unaoitwa leo New York. Kwa hiyo Waingereza walitawala Suriname kwa miaka 16 tu. Tafadhali ikumbukeni tarakimu hiyo, kwani nitairudia.

Kazi ya mashamba ilifanywa na Waafrika. Wanahistoria hukadiria kwamba zaidi ya Waafrika 200,000 walishushwa Suriname katika muda wote wa biashara ya utumwa, wakitoka Pwani ya Dhahabu, Pwani ya Watumwa wanakozungumza lugha za Kigbe, na Loango na Kongo. Utumwa ulipofutwa tarehe 1 Julai 1863, waliopewa uhuru walikuwa zaidi kidogo ya 33,000. Sioni haja ya kuyafafanua mashamba yale zaidi ya kuziweka tarakimu hizo mbili bega kwa bega. Hata hao walioachiwa waliwekwa chini ya usimamizi wa serikali kwa miaka 10 zaidi, hadi 1873, wakilazimika kufanya kazi kwa mkataba. Siku ya uhuru huo huitwa Keti Koti, maana yake mnyororo umekatika. (Mwanafunzi wangu mmoja alipoisikia mara ya kwanza alidhani anaambiwa aketi avue koti.)

Wapo ambao hawakungoja kuachiwa. Walitoroka wakapanda mito, wakajenga vijiji msituni na kupigana na majeshi ya wenye mashamba hadi Waholanzi wakakubali kufanya mikataba: na Wandyuka mwaka 1760, na Wasaamaka mwaka 1762, na Wamatawai mwaka 1767. Yaani miaka mia moja kabla ya sheria ya kufuta utumwa kulikuwa na mataifa ya watu weusi huru ndani ya koloni. Vitabu vya Kizungu huwaita kwa jina ambalo tunaweza kulitamka Wamaruni. Nadhani Kiswahili kina neno bora zaidi, nalo ni watoro. Pwani yetu ya karne ya 19 iliwajua watoro waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa wakajenga makazi yao barani, kama vile Fuladoyo. Neno hilo tumeliacha lishuke hadhi mpaka linamtaja mtoto asiyekwenda shule. Kule Suriname wazao wa watoro ni zaidi ya moja ya tano ya raia, na tarehe 10 Oktoba, siku ya mkataba wa 1760, ni sikukuu.

Baada ya watumwa kuwa huru, wenye mashamba walitafuta mikono mingine. Wachina walikuwa wamekwisha kuanza kuletwa mwaka 1853. Tarehe 5 Juni 1873 meli iitwayo Lalla Rookh ilifika na Wahindi wa kwanza, na hadi mwaka 1916 wakawa wameletwa takriban 34,000. Kuanzia mwaka 1890 wakaletwa Wajava, karibu 33,000, kutoka koloni jingine la Waholanzi ambalo leo ni Indonesia. Matokeo yake yalionekana katika sensa ya 2012: wenye asili ya Kihindi asilimia 27.4, Wamaruni 21.7, Wakrioli (yaani wazao wa watumwa waliobaki mashambani na mjini) 15.7, Wajava 13.7, wenye asili mchanganyiko 13.4. Hakuna aliye wengi. Katika barabara moja ya Paramaribo sinagogi na msikiti vimejengwa ukuta kwa ukuta.

Kuhusu Wajava kuna habari ambayo sina budi kuisimulia, ingawa si ya lugha. Kutoka Java, Makka iko upande wa magharibi. Wajava waliofika Suriname waliendelea kusali wakielekea magharibi kama walivyofundishwa na wazee wao, ilhali kutoka Suriname Makka iko mashariki. Baadaye walitokea wanamageuzi waliogeuka mashariki, na jumuiya ikagawanyika kati ya watu wa magharibi na watu wa mashariki, kila upande na misikiti yake. Wasikilizaji waliokulia Lamu au Unguja wataelewa uzito wa mgogoro wa aina hiyo. Mimi huukumbuka kila ninaposoma sera za lugha, kwa maana watu huweza kuendelea kwa vizazi kuelekea upande uliokuwa sahihi mahali pengine.

Ulimi ulioitwa majina

Sasa tuje kwenye lugha. Lugha ya serikali, mahakama, magazeti na shule ni Kiholanzi. Lugha inayowaunganisha watu wa asili zote wanapokutana ni Kisranan, kwa jina lake kamili Sranan Tongo. Neno tongo lina maana mbili, kiungo kilichomo kinywani na lugha, kama ambavyo sisi husema ulimi tukimaanisha lugha. Pembeni mwao kuna Kisarnami cha Wahindi, kilichozaliwa hukohuko kutokana na lahaja za Kibhojpuri na Kiawadhi, Kijava, Kichina cha Kihakka, lugha za wenyeji wa asili, na lugha za Wamaruni, ambazo kubwa zaidi ni Kisaamaka na Kindyuka.

Msamiati wa Kisranan umetoka hasa katika Kiingereza: waka ni kutembea, taki ni kusema, bigi ni kubwa, watra ni maji, wroko ni kazi. Miaka 16 ya Waingereza ndiyo iliyoupanda msamiati huo, na zaidi ya miaka 300 ya Waholanzi haikuung'oa. Fikirini maana yake. Wale Waafrika wa kwanza, wasio na lugha moja, walijitengenezea chombo cha kusemezana kwa muda mfupi sana, na kila aliyefika baadaye alijifunza kutoka kwa Waafrika waliomtangulia, si kutoka kwa bwana. Bwana alipobadilika, watumwa hawakubadili lugha. Kireno nacho kimeacha pikin, yaani mtoto au kitu kidogo, na sabi, yaani kujua, na katika Kisaamaka kimeacha mengi zaidi, kwa kuwa wengi wa mababu zao walitoroka kwenye mashamba ya Wayahudi wa Kireno. Kutoka Afrika yamo pinda, yaani karanga, neno la Kikongo, na Anansi, yule buibui mjanja wa hadithi za Waakani, ambaye ni binamu wa Sungura wetu.

Sarufi yake ndiyo inayonivutia zaidi. Kitenzi hakibadiliki, bali njeo huonyeshwa kwa vijineno vinavyokitangulia: mi e waka, ninatembea, mi ben waka, nilitembea, mi o waka, nitatembea. Hicho o kimetokana na kitenzi cha kwenda. Sisi nasi, kama wanafunzi wa mwaka wa pili wanavyojua, tuna kiambishi -ta- kilichotokana na kitenzi taka, na -me- kilichotokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Njia ni ileile, kwani kitenzi kamili huchakaa kikawa kionyeshi cha wakati. Lakini mfanano huo usitupoteze. Kiswahili kina ngeli, na upatanisho wa ngeli hupenya sentensi nzima: watu wawili wazuri walifika, viti viwili vizuri vilifika. Mfumo huo hakuuvumbua mfanyabiashara yeyote bandarini. Kiswahili kimeurithi pamoja na ndugu zake wa kundi la Kisabaki, yaani Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana, kama Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walivyoonyesha kwa kina mwaka 1993. Maneno ya Kiarabu yalikuja kukaa juu ya sarufi iliyokuwa imesimama tayari. Kwa Kisranan mambo ni kinyume, kwa sababu maneno yaliokotwa kwanza na sarufi ikajengwa upya na wasemaji wenyewe. Hilo ndilo jibu ambalo mwanafunzi wangu alistahili kupewa siku ile.

Naomba hapo nisieleweke vibaya. Tumezoea kulikana neno krioli kwa hasira, kana kwamba ni tusi. Kiswahili si krioli, na hilo ni suala la ushahidi. Lakini tukilikana kwa kuona aibu, tunakuwa tumekubaliana na wale walioiita Kisranan "Kiingereza cha watu weusi" na "taki-taki", yaani porojo tu.

Wapo waliokitumia kwa heshima. Wamishenari wa Moravian, ambao Tanzania inawafahamu kwa kazi waliyoianza Rungwe mwaka 1891, walikuwa wamefika Suriname tangu mwaka 1735. Mmoja wao, C. L. Schumann, alitunga kamusi ya Kisaamaka mwaka 1778 na ya Kisranan mwaka 1783. Agano Jipya lilichapishwa kwa Kisranan mwaka 1829, wakati watumwa wengi hawakuruhusiwa kujifunza kusoma. Katika karne hiyohiyo Johannes King, Mmatawai, aliandika kwa mkono wake kumbukumbu za safari zake na historia ya watu wake, na maandiko yake ni hazina. Na kuhusu maandishi, mwaka 1910 Mndyuka aitwaye Afáka Atumisi alibuni hati yake mwenyewe ya silabi, yenye alama zinazokaribia 60, ambayo haifanani na herufi za Kirumi. Hati hiyo haikuenea sana, lakini mtu aliyezaliwa juu ya maporomoko alikuwa ameona kwamba lugha yake yastahili kuandikwa.

Mlango wa darasa

Mwaka 1876 elimu ikafanywa ya lazima, na lugha yake ikawa Kiholanzi peke yake. Kutoka hapo Kisranan kilifukuzwa darasani, na mtoto aliyekisema aliadhibiwa. Wazazi nao, wakiwa na nia njema, wakaanza kuwakataza watoto nyumbani. Kisranan kikawa lugha ambayo mtoto mwenye adabu hamjibu nayo mkubwa wake. Wasikilizaji wa rika langu waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama hawahitaji maelezo zaidi.

Mwalimu mmoja, J. G. A. Koenders, alisimama dhidi ya hali hiyo. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1956 alitoa jarida dogo lililoitwa Foetoe-boi, maana yake tarishi, na humo aliwaambia Wakrioli kwamba lugha yao ni lugha. Tazameni tahajia ya jina lenyewe: oe ni namna ya Waholanzi ya kuandika sauti u. Tahajia iliyotangazwa rasmi mwaka 1986 iliondoa oe ikaweka u. Mtu asiye mwanaisimu ataona ni jambo dogo, lakini sisi tuliosoma mijadala ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na malalamiko ya wenye lahaja za Mombasa na Lamu yaliyofuata, tunajua kwamba katika tahajia huamuliwa nani ni mwenye nyumba. Kwa Kisranan nusu tu ya kazi ilifanyika, kwa kuwa tahajia ilitangazwa na watu hawakufundishwa. Mpaka leo wengi huandika kila mtu kwa masikio yake.

Katika Foetoe-boi ndimo lilimotokea shairi la mwalimu mwingine, Henri Frans de Ziel, aliyejulikana kwa jina la Trefossa. Kitabu chake Trotji cha mwaka 1957 kiliwanyamazisha waliodai kwamba Kisranan hakiwezi kubeba fikra nzito. Wimbo wa taifa ulipokubaliwa mwaka 1959 ulikuwa na ubeti mmoja wa Kiholanzi na mmoja wa Kisranan, na huo wa pili ni wa Trefossa. Suriname ilipopata uhuru tarehe 25 Novemba 1975 ndio walioimba.

Sasa basi, kwa nini uhuru haukukifanya Kisranan lugha rasmi? Jibu rahisi ni kasumba, nalo ni sehemu ya ukweli. Lakini liko jibu gumu zaidi. Kisranan kinasemwa na wote, ila kinahesabiwa kuwa cha Wakrioli. Mhindi na Mjava hukitumia sokoni na kazini, lakini wengi wao waliona kwamba kukifanya lugha ya dola ni kulipa kundi moja nchi nzima. Siasa za Suriname za miaka ile ziligawanyika kwa asili za watu, na katika mwaka wa uhuru makumi ya maelfu walihamia Uholanzi kwa hofu. Katika hali hiyo Kiholanzi kilionekana kisicho cha mtu. Lugha ya mtawala ikawa mwamuzi wa amani.

Na kuna la pili, ambalo sisi watetezi wa lugha za Kiafrika hatupendi kulisikia: Kiholanzi kimekuwa chao. Zaidi ya nusu ya wakazi hukitumia nyumbani. Kina matamshi yake, misemo yake na maneno yake ambayo mtu wa Amsterdam hayaelewi, na mwaka 2004 Suriname ilijiunga na umoja wa nchi zinazosimamia lugha hiyo, pamoja na Uholanzi na Ubelgiji. Mtoto wa Paramaribo anayeota ndoto kwa Kiholanzi si kibaraka wa mtu.

Mzigo unamwangukia mtoto wa juu ya mto. Naomba nieleze kwa mfano wa Mto Suriname wenyewe. Kati ya mwaka 1960 na 1964 lilijengwa bwawa pale Afobaka ili kutoa umeme wa kuyeyushia alumini. Maji yalienea zaidi ya kilomita za mraba 1,500 yakafunika vijiji vya Wasaamaka na Wandyuka. Watu kati ya 5,000 na 6,000 walihamishwa, wengine wakapelekwa chini ya bwawa kwenye makazi yaliyopangwa kwa mistari, mbali na mto. Umeme ulikwenda kiwandani. Katika miaka ya 1990 serikali ilianza kugawa misitu ya Wasaamaka kwa wakataji magogo, nao wakaishitaki. Tarehe 28 Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilihukumu kwamba Wasaamaka wana haki juu ya ardhi yao na kwamba miradi mikubwa haiwezi kufanywa humo bila ridhaa yao. Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, vilivyofunga shule nyingi za ndani, hata watoto wakakua bila kujua kusoma kwa lugha yoyote.

Mtoto wa watu hao huingia darasa la kwanza akiwa na Kisaamaka, lugha yenye toni, yenye mb na nd mwanzoni mwa neno kama yetu, na hukutana na mwalimu kutoka pwani anayemfundisha kusoma kwa Kiholanzi, lugha asiyoisikia kijijini. Kisranan, ambacho huenda angalau baba yake anakijua kwa kuwa alifanya kazi migodini, nacho hakimo kitabuni. Hapo mtihani wa hesabu unakuwa mtihani wa Kiholanzi, na anayeshindwa huandikwa kwamba hana akili ya hesabu.

Kiswahili katika kioo hicho

Kiswahili kilibahatika mahali Kisranan kilipokwama. Tanganyika ilipopata uhuru, hapakuwa na kabila kubwa lililoweza kudai kwamba Kiswahili ni mali yake pekee, na waliokisema kwa kuzaliwa walikuwa wachache kando ya bahari. Kilikuwa cha wote kwa sababu hakikuwa cha wengi. Hiyo haikuwa sifa ya sarufi yake wala utajiri wa methali zake, bali ajali ya historia iliyokutana na uamuzi wa kisiasa. Tunapowahutubia wageni kuhusu mafanikio ya Kiswahili, mara nyingi husahau kulitaja hilo la ajali.

Leo Kiswahili ni lugha rasmi katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kimepewa siku yake ya dunia na UNESCO, tarehe 7 Julai, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2021 imekifanya lugha ya mahakama. Lakini mtoto wa Sumbawanga au Newala anayemaliza darasa la saba, aliyefundishwa sayansi kwa Kiswahili na kuielewa, huvuka kizingiti cha kidato cha kwanza akaambiwa aianze upya kwa Kiingereza. Kuanzia kizingiti hicho yuko katika hali ileile ya mtoto wa Afobaka. Tofauti ni kwamba huko lugha ya kufundishia angalau ni lugha ya nyumbani kwa zaidi ya nusu ya raia. Hapa kwetu Kiingereza ni lugha ya nyumbani kwa nani? Nimeuliza swali hili katika vikao vingi vya kitaaluma. Hujibiwa kwa habari za soko la ajira, nami hurudi nyumbani na swali langu.

Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba mafuta yatachimbwa katika bahari ya Suriname, kwa mradi wa dola bilioni kumi na nusu, na kwamba yanatarajiwa kuanza kutoka mwaka 2028. Mradi huo umeitwa GranMorgu. Ni Kisranan. Maana yake ni mapambazuko, na pia ni jina la samaki mkubwa wa jamii ya chewa. Wenye kampuni walipotafuta jina la kuwafurahisha wananchi wote, Wahindi, Wajava, Wakrioli na Wamaruni, walijua ni lugha gani ya kulitafutia. Wataalamu watakaohitajika watasoma kwa Kiholanzi na Kiingereza. Nami nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba muhula ujao tutasoma mi e waka na ninatembea ubaoni sambamba, na kwamba yule aliyeuliza kuhusu krioli ndiye atakayeanza kujadili.